Mkono wa Mfukoni

Shangazi anayetutengenezea vipimo vya umeme sisi mafundi wa nguzo hapa Plovdiv, Bulgaria, hufanya kazi kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto haumtoki mfukoni, hata akila banitsa, mkate wetu wa jibini. "Umeme ukiingia mkono huu ukatokea huu," husema, "moyo uko njiani."

Leo nimempelekea kipimo changu kwa kuwa kioo chake kinazimazima. Akakijaribu kwenye soketi ya taa yake. Taa inawaka, kipimo kinasoma sifuri.

"Fanya haraka, shangazi, wenzangu wananisubiri."

"Asubuhi umekitumia wapi?"

"Nguzoni. Kilisoma sifuri, nikamwambia mwenzangu Raicho waya hauna umeme. Anapanda akishakula."

Mkono wa kushoto ukatoka mfukoni, ukanisukumia simu.