Jibu Alilolitafsiri Gerishon

Gerishon Macharia alikuwa mwoga, na tusimfichie. Alimwogopa askari, alimwogopa homgadi, yule mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, alimwogopa hata mama mkwe wake kule Gitothua. Lakini mwaka ule wa hamsini na sita, Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya mkoloni, bado imetukaba shingo, ni nani aliyekuwa na kifua? Mkikuyu alilala na pasi yake, ile karatasi ya ruhusa, chini ya mto. Ukinyang'anywa pasi, kazi hakuna, njia hakuna, na lori la kambini linajua kwako.

Pasi ya Gerishon ilisema yeye ni Mkristo mwaminifu aliyeacha mila za wazee. Kwa karatasi hiyo alipata kazi ya udresa katika hospitali ndogo ya misheni kati ya Ruiru na Thika. Alifunga vidonda, aliogesha wagonjwa, na kwa kuwa alikuwa amesoma kidogo, alitafsiri. Alitafsiri zaidi wodi ya nyuma, ile ya wagonjwa wa akili, ambako kila Jumatano mchana watu watatu waliketi kuamua nani abaki na nani aende.

Daktari alikuwa na sindano zake. Nasi Wilkister Aketch, muuguzi wa wodi, mama wa kutoka Kisumu mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyejua nani amekula na nani amelia. Wa tatu alikuwa mwanasaikolojia, mama wa Kizungu aliyekuja na mkoba kutoka Nairobi. Huyo hakuwa na dawa hata ya kikohozi. Alikuwa na kadi za picha na maswali, basi wodi nzima ikamwita Mama Maswali. Gerishon hakuelewa mtu anapona vipi kwa kuulizwa tu.

Jumatano moja asubuhi Mama Maswali aliletewa Bedan, mkata mkonge wa shamba moja karibu na Thika. Tangu nyumba zao zichomwe wakahamishiwa kijiji cha kuzungushiwa waya, Bedan alikuwa amekaa kimya wiki nyingi, anatazama ukuta. Siku hiyo alijibu kidogo kidogo, kwa Kikuyu, na Gerishon akatafsiri. Jina? Akalitaja. Anatoka wapi? Akasema.

"Ana watoto wangapi?" Mama Maswali akauliza.

Bedan akageuza uso. "Wapo," akasema. "Mungu ndiye anawajua."

Sasa, mtoto yeyote wa kwetu angeelewa. Watoto walio hai hawahesabiwi kwa mdomo. Ukiwataja kwa idadi umekiita kifo kije kuchagua. Gerishon aliyajua hayo tangu ananyonya. Lakini angeyasemaje? Mtu ambaye pasi yake inaapa ameacha mila, asimame ampe Mzungu mwenye penseli somo la mila? Angeulizwa, na wewe umeyatoa wapi?

"Anasema hajui," akatafsiri.

Mama Maswali akauliza tena, polepole. Bedan akajibu vilevile. "Hajui," akasema Gerishon, na mara hii hakumtazama Bedan.

Mchana kikao kikakaa. Gerishon alisimama mlangoni, mikono nyuma. Daktari akaisoma karatasi haraka haraka. "Mtu asiyejua ana watoto wangapi, akili imekwisha. Nitamwandikia gari la Ijumaa. Nairobi watampiga umeme kichwani, tuone."

Ngai! Gerishon aliwajua waliopanda gari hilo. Mmoja tu alikuwa amerudi, na mkewe alipomletea uji alimwuliza, "Mama, wewe ni nani?"

"Subiri, daktari," Mama Maswali akasema. "Kadi zangu alizipanga zote sawasawa. Mtu aliyepotewa na akili hazipangi hivyo. Wewe unapima damu, nasi anajua usingizi wake. Kazi yangu mimi ni kusikia anachosema, na leo sikumsikia yeye. Nilimsikia Gerishon." Akageuka. "Bwana Gerishon, alisema nini hasa? Maneno yake, si yako."

Wazee wanasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Gerishon alikitaka kicheko, jamani. Alitaka kurudi kwake ale githeri na watu wake. Neno moja tu, "hajui", na Ijumaa ipite. Nasi Wilkister alikuwa anamkazia macho bila kupepesa.

"Alisema wapo," akatoa sauti nyembamba. "Alisema Mungu ndiye anawajua. Mimi ndio nilisema hajui. Nilidanganya, mama. Kwetu watoto hawahesabiwi, wanaweza kufa."

Daktari akawa mwekundu. "Kwenu? Pasi yako inasema umeacha mambo hayo. Au ulimdanganya na aliyekupa?"

"Daktari, hata sisi kule Nyanza hatuhesabu," Nasi Wilkister akaanza. Daktari akamnyamazisha kwa mkono.

"Nimekuuliza wewe, Gerishon. Umeacha au hujaacha?"

"Nimeacha, bwana."

Mama Maswali akaweka penseli chini. "Sawa. Una watoto wangapi?"

Swali dogo namna hiyo! Namba moja tu ingeiokoa pasi yake, na kazi, na nyumba. Gerishon akafungua mdomo. Wakamjia wote machoni, mmoja mmoja, na yule mdogo wao aliyekuwa amelala na surua wiki ile, macho yamevimba, pumzi inakwaruza. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa bunduki yoyote. Alijitahidi, Mungu ni shahidi. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Machozi yakaanza kumshuka mbele ya wakubwa wake.

"Daktari," Mama Maswali akauliza taratibu, "na huyu naye tumwandikie gari la Ijumaa?"

Daktari alimtazama Gerishon. Akaitazama karatasi ya Bedan, akaichana mara mbili, maana yake Bedan abaki, akaitia mfukoni. Kisha akasimama, akasukuma kiti chake mpaka mlangoni, kiti ambacho Mwafrika hakuwahi kukikalia. Gerishon akakaa, na hakuna aliyemwambia ainuke.