Salvatori wa Majaribio

Hadi leo nikikutana na mtu wa Mabawe nainamisha kichwa, na ngojeni niwaambie kwa nini. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa fundi wa kompyuta hapa Ngara, kwenye ofisi ya kuwatafutia watu ndugu waliopotezana nao njiani, na kazi yangu ilikuwa kuandika kijiprogramu cha kuchomeka kwenye programu inayounda programu nyingine (msicheke, kazi hiyo ipo), kisha kuujaribu mfumo mzima kwa pamoja: jina linaingia, ndugu anapatikana, ujumbe unatoka kwenda kwenye simu ya bandia.

Jaribio lilitaka jina na namba. Namba za kubuni zikakataliwa, uvivu ukanishika, nikaweka ya Bibi Yustina, mwenye nyumba wangu kule Mabawe, na aliyepatikana nikamwita Salvatori, kaka yake aliyeachana naye wakivuka mto kutoka Burundi, maana kila jioni tukila maharage alinisimulia habari zake. Jaribio likapita, rangi ya kijani. Kwa raha tu nikalirudia mara sita.

Kumbe kijiprogramu changu kilikuwa kinatuma kwenye simu za kweli.

Alasiri nasikia vigelegele getini. Bibi Yustina huyo, kavaa kitenge cha Pasaka, kina mama wa kwaya nyuma yake, kichwani mtungi wa pombe ya mtama (ya harusi ya jirani, kaiomba) na mkononi mirija miwili, kwa sababu kwao ndugu hupokewa kwa kunywa mtungi mmoja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Simu imeniambia mara saba. Yuko wapi?"

Ofisi nzima imejaa madirishani.

"Bibi, nimekosea. Hayupo. Jina niliandika mimi, kujaribu mashine tu."

Akatua mtungi taratibu.

"Kujaribu tu? Na kwenye orodha yenyewe ya wanaotafutwa hukuliandika? Miezi minane nakutajia."

Sikuwa nimeliandika. Nilikuwa nakula maharage yake na kuitikia, basi. Hapo ndipo nilipoona aibu, ile ya vigelegele ilikuwa mchezo, na machozi yakanitoka mbele ya kwaya.

Bibi akanipa mrija mmoja. "Keti, unywe. Halafu uandike."

Tukanywa, nikaandika: jina, kijiji, kovu la shavuni. Tangu siku hiyo kwenye majaribio naweka namba yangu mwenyewe, na mtu akinitajia ndugu yake naacha kula, naandika kwanza. Salvatori bado hatujampata. Mrija wake, ule nilionywea mimi siku ile, Bibi kauchomeka juu ya mlango, na hataki niuguse tena.