Mama Nakala agoma kusaini uzembe usio wake

Saa nne kasorobo asubuhi, mwanamke aliyeandikiwa barua ya kukiri uzembe ameketi kwenye kiti chake kilekile, nyuma ya kabati la dawa, akiandika amri kwenye kompyuta kuu ya zahanati. Barua iko pembeni, chini ya kikombe cha chai. Leo ni siku ya kumi na mbili barua iko hapo, na sehemu ya saini bado nyeupe pe.

"Kalamu ninayo," anasema bila kuinua macho. "Nia ndiyo sina."

Wauguzi humwita Mama Nakala. Kibarua chake, cha asubuhi tu, ni kuhakikisha kila kinachoandikwa kwenye mashine hiyo, inayotumia mfumo wa Unix, kina nakala mahali pengine. Kila saa sita mchana yeye huiamuru mashine ikusanye mafaili mapya tu, yaliyoandikwa tangu nakala ya jana, na kuyaweka kwenye diski ya akiba. Mashine huyatambua kwa saa ambayo yenyewe huigonga, kama muhuri, kwenye kila faili. Saa saba yeye huondoka kwenda kibarua kingine, duka la vipuri.

Mwezi uliopita diski kuu ilikufa. Aliporudisha nakala, majibu ya vipimo 212 hayakuwemo. Wagonjwa wakaitwa kutolewa damu upya.

"Kuna mtoto nilimchoma mara ya pili, akaniangalia kama adui yake," anasema muuguzi wa maabara. "Niliumia, jamani."

Meneja hakusubiri uchunguzi. Barua yake ilisema Mama Nakala akiri kuwa alizembea na aondoke kimyakimya, la sivyo afukuzwe mwisho wa mwezi. Hata nyumbani alishauriwa akubali.

"Mwanangu, saini tu yaishe," mama mkwe wake alimwambia.

"Yaishe kwa nani, mama? Kwangu ndiyo yanaanza. Nani atanikabidhi mashine yake nikishajiita mzembe kwa mkono wangu mwenyewe?"

Hakatai kwamba nakala zilikuwa na pengo. Anachokataa ni kubebeshwa pengo hilo kabla halijajulikana limetoka wapi, na hapo mwandishi wa makala haya yuko upande wake bila kujificha.

Alianza na daftari la karatasi la maabara. Aliweka alama kwenye kila jibu lililopotea, na yote 212 yalikuwa ya mchana, siku ambazo umeme ulikatika. Kisha akafungua kumbukumbu za mashine, zilizosalimika kwenye diski ya akiba, zinazoandika kila mara saa yake inapowekwa upya. Betri ndogo inayoshikilia saa hiyo imekufa tangu mwaka juzi. Ameomba mpya mara tatu. Umeme ukirudi, mashine huamka haijui ni lini, na mtu huiwekea saa kwa mkono. Usiku, intaneti ikitulia, hujisahihisha yenyewe, hivyo asubuhi yeye hukuta kila kitu shwari.

Siku moja kumbukumbu zilionyesha mashine imewekewa 8:05, ambayo kwa mashine ni saa mbili na dakika tano asubuhi. Daftari la mlinzi lilisema umeme ulirudi saa nane mchana.

"Tofauti saa sita. Nikaangalia siku nyingine, sita. Nyingine tena, sita! Nikasema, huyu mtu hakosei ovyo, anakosea kwa nidhamu."

Basi faili lililoandikwa saa tisa alasiri liligongwa saa tatu asubuhi. Kesho yake mashine ililiona ni la kabla ya nakala ya saa sita ya siku iliyotangulia, ikalipita.

Wenye neno la siri la kubadili saa ni wawili tu: yeye na meneja. Juzi kikaoni, saa nne asubuhi, alitupia jicho saa ya mkononi ya meneja. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nne. Meneja aliirithi kwa marehemu baba yake, na huivaa ikiwa imewekwa kama watu wanavyohesabu mitaani. Kwa saa hiyo, saa nane mchana ni 8; mashine hutaka iandikiwe 14.

Sasa meneja anaingia. Mama Nakala anamfungulia daftari la mlinzi, kisha anageuza kioo cha kompyuta. Meneja anasoma, anaangalia mkono wake, anasoma tena. Wauguzi wawili mlangoni wanajifanya kutafuta pamba.

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Ni saa yako, bosi. Na betri niliyoomba mara tatu."

"Basi, lete hiyo barua niichane."

"Haichanwi. Uzembe ulinipa kwa maandishi, niondolee kwa maandishi. Na weka jina lako."

Meneja anaelekea ofisini kwake. Wakati tunasubiri, Mama Nakala anaeleza mipango yake: betri iwekwe leo hii, kisha mwezi ujao azungukie zahanati za jirani kuomba kazi ya mchana, ili duka la vipuri libaki historia.

Meneja anarudi na karatasi moja. Mama Nakala anaisoma mara mbili: kosa si lake, jina la meneja, saini, saa 4:20 asubuhi.

"Hapa saa yako iko sawasawa, bosi. Ila ya mashine niachie mimi."

Anainua kikombe, anachukua barua ya zamani isiyo na saini na kuitia kwenye mkoba pamoja na mpya.

"Zote mbili," anasema, "nazitolea nakala."