Simu ya Papa Kasongo

Ukingo mzima wa Kisangani hakuna anayeziba boti kumshinda Daudi. Baleinière, yale maboti makubwa ya mbao yanayopanda kutoka Basoko na watu na samaki, yakivuja huletwa kwake. Hushindilia matambara kwenye nyufa, humwaga lami ya moto, basi, maji hayapiti tena. Fundi, kweli kweli. Lakini wivu wake, ee ndugu zangu, usiombe kuuona!

Mkewe Malika alikuwa mtangazaji wa redio ya mtaa. Kila Jumamosi asubuhi alimkaribisha Sébastien, injenia wa mambo ya mawe na udongo, aeleze habari za hewa chafu inayoharibu majira ya mvua. Na Malika alikuwa anacheka. Hicho ndicho kilichomchoma Daudi roho. Kicheko kile cha kutoka tumboni, alichokisikia yeye siku za uchumba, leo kinasikika mji mzima kwa ajili ya mwanamume mwingine! Nyumbani je? Nyumbani Malika akianza, "Daudi, unajua leo tulizungumuza nini?" jibu lake ni lile lile: "Lete chakula, nimechoka." Kisha anashangaa mbona mke hacheki. Mwanamume huyu!

Jumamosi hiyo Glodi, mwenzake wa kazi, aliweka redio juu ya mbao. Sébastien alikuwa anaeleza.

"Kule Moanda, karibu na bahari, kuko visima ya mafuta. Mafuta ikiisha, ndani ya mawe nafasi inabakia. Alors, hewa mubaya ya viwanda tunaweza kuikamata, kuifinya, kuisukuma mule chini, ibakie miaka na miaka."

"Kumbe munarudisha moshi kwa tumbo ya dunia!" Malika alisema, na wote wawili wakaangua kicheko.

"Papa Daudi," Glodi alimchokoza, "leo bibi yako iko na furaha, eh! Jioni utajipikia."

Mafundi wakacheka. Daudi akatupa nyundo, akapiga simu redioni. Kwetu anayepiga redioni hujipa jina atakalo, ndiyo raha yenyewe. Daudi akajiita papa Kasongo wa Lubunga, mtaa wa ng'ambo ya mto, akaifanya sauti yake nzito.

"Niko na ulizo. Kila kitu inavuja. Hiyo hewa ikitoka je?" Alitaka injenia akwame, aaibike, Malika aone.

"Ulizo muzuri sana, papa!" Sébastien alifurahi. "Juu ya mafuta kuko mawe ya kukaza, haipitishe kitu. Ndiyo ilifungia mafuta tangu zamani. Hatari iko kwenye matundu tulitoboa sisi watu. Ile lazima kuiziba na simenti, na kuichunga kila wakati."

 Malika alijibu kwa sauti laini.

"Donc kazi yote ni kuziba muzuri. Mimi najua mutu moja, papa Kasongo. Hakuna kitu inamushinda kuziba. Nikimuangalia akifanya kazi, roho yangu inafurahi."

Lo! Damu ikampanda Daudi kichwani. Akasahau sauti nzito, akasahau Lubunga.

"Mutu gani huyo? Ni huyu injenia unacheka naye kila siku? Bwana yako anajua? Huna haya!"

Ukingo mzima ulisikia. Glodi alinyoosha mkono aizime redio, akaogopa. Sébastien alikohoa.

"Nilikuwa nasema bwana yangu," Malika alijibu polepole, na sasa hakukuwa na kicheko hata chembe. "Kwa nyumba hanisikilizaka. Nikawaza, pengine ku redio atanisikia."

Daudi akawageuzia mafundi mgongo, simu bado sikioni.

"Asante kwa kupiga, papa Daudi," Malika alisema, akakata simu.