Goli la Upande wa Ziwa

Juzi kwenye runinga nilimwona Furaha akifunga bao huko Ulaya. Wenzake walimkimbilia, lakini yeye kwanza aligeuka kutazama nyuma.

Utotoni pale Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, tulicheza kwa mpira uliosokotwa kwa nyavu kuukuu, katikati ya harufu ya dagaa walioanikwa mchangani. Furaha, aliyevuka kutoka Kongo na shangazi yake, kila siku alitaka kushambulia upande wa ziwa. Jua la alasiri lilimpiga machoni, nami nikadhani anajidai.

Siku moja nilimwambia, "Mkimbizi hachagui goli."

Akajibu, "Haya, tubadilishane basi."

Akacheza akiligeuzia ziwa mgongo, akigeuka kila mpira ulipotoka. Sikujua kwamba mama yake alimwahidi kumfuata kwa boti. Hakufika.