Kichaka cha Jana, Leo na Kesho

Mwenye nyumba wangu pale mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, alikuwa mjane wa Kikuyu aliyezaliwa pale pale kabla ya nyumba za mabati kujaa. Kila Jumamosi alivaa gambuti za marehemu mumewe akaenda kutunza miti isiyo yake, katika bustani ya serikali, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa miguu. Miti ile ilikuwa imeletwa kutoka nchi za mbali, na waliojitolea kuipalilia hawakufika kumi.

Mimi nilikuwa nimetoka Vihiga majuzi tu. Mume wangu alishinda karakana ya useremala, nami nilikaa mlangoni nikiwaza kwetu.

"Utalia mpaka lini?" mama mwenye nyumba akaniuliza siku moja. "Chukua jembe twende."

Kule alinionyesha kichaka alichokipenda kuliko vyote. Ua lake lilifunguka zambarau, kesho yake likapauka, siku ya tatu likawa jeupe pepepe. Rangi zote tatu zilikaa pamoja, na harufu yake ilinifuata mpaka nyumbani. Walikiita jana-leo-kesho.

"Nilikipanda wiki ile msichana wangu alipopanda ndege kwenda kusoma," akasema. Mwanzoni barua zilikuja kila mwezi. Halafu zikawa za Krismasi. Halafu zikakoma. Hakulisema hilo kwa uchungu. Aliendelea kung'oa magugu.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Bomba la bustani likakauka, na msimamizi akatuambia tuache vichaka vife, maji kidogo yaliyopo yapewe miti mikubwa.

"Hiki hakifi nikiwa na mikono," mama akamjibu.

Tukawa tunateka maji mtoni kwa debe na kupanda nayo mlima. Hata hivyo majani yalipukutika yote. Mama akakwaruza gome kwa ukucha, akaniita. "Ona. Ndani bado kijani."

Kabla mvua haijarudi alianguka jikoni, upande wa kulia ukafa ganzi. Kijana wake akaja na pikapu akampeleka kwake Kinangop. Jumamosi zikawa zangu peke yangu. Nilizungumza na kile kichaka kwa Kiluhya, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Kilipochanua tena nilikata tawi, nikalifunga kwa kitambaa chenye maji, nikapanda basi. Nilipofika, maua mengi yalikuwa yameanguka. Yalibaki matatu, meupe. Mama alilishika tawi kwa mkono wa kushoto, akalinusa kwa muda mrefu. Kisha akanitazama, akaniita kwa jina la binti yake.

"Umekuja," akasema.

Nikageuka. Kijana wake alikuwa amesimama mlangoni, naye akainamisha kichwa.

"Ndiyo, mami," nikasema. "Nimekuja."

Hakumaliza mwezi. Binti mwenyewe alifika siku ya mazishi, mrefu kama mama yake, amevaa koti zito la nchi za baridi. Alinikuta nikiosha sufuria na wanawake wa kanisa.

"Samahani, dada, wewe ni nani wetu?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, ya maji na ya ule mlima. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Mpangaji," nikamjibu, nikamsogezea kiti akae.