Gari la Fito la Fundi Koki

Asubuhi jua linapiga kwenye ukuta uliobomolewa nusu, na Fundi Koki amepiga magoti juu ya zege. Anamimina maji ya ndoo taratibu, kama mtu anayemnywesha mtoto uji. Maji yanakwenda, yanasita, kisha yanageuka yenyewe na kuufuata wavu wa chuma ulioko katikati. Anayatazama mpaka tone la mwisho.

"Yamekubali," anasema. "Jana yalikuwa yanakwenda kwa Mpishi."

Kwa Mpishi ni mlangoni kwa mpishi wa kambi, ambaye chumba chake ndicho cha mwisho katika safu ya nyumba za wafanyakazi. Ndicho cha mwisho sasa. Hadi juzi juzi cha mwisho kilikuwa cha Dobi. Kimebaki nusu ya ukuta mmoja na sakafu, nyekundu, iliyosuguliwa miaka na miaka, iko wazi juani kando ya zege la Fundi Koki.

Kambi hii inapokea magari-nyumba. Ni yale magari makubwa ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, bafu na choo. Watu wazima wanaziacha nyumba zao za matofali, wanakwenda kulala garini, na wanalipia. Starehe ni yao. Lakini mtu akila ataosha sahani, na akinywa atakojoa. Maji ya sahani na ya kuoga huingia kwenye tangi chini ya gari, na ya choo huingia kwenye kasha lenye mpini kama sanduku la safari. Siku chache zikipita, vyote viwili lazima vimwagwe mahali.

Mahali penyewe hapakuwepo. Kambi ilifunguliwa ikiwa na bwawa la kuogelea, na bembea, na taa za rangi njiani. Mahali pa kumwagia uchafu hakuna aliyepakumbuka, maana walioifungua hawajawahi kumwaga cha kwao wenyewe tangu wazaliwe.

Wageni wakawa wanamwaga kwenye maua. Makasha ya choo wakawa wanayaacha nje ya magari, na wafanyakazi wakawa wanayabeba hadi kwenye vyoo vyao.

"Nimeyabeba sana," anasema Dobi, mama mwembamba mwenye mikono iliyochujuka kwa sabuni. "Unabeba choo cha mtu asiyekujua hata jina, naye anakufuata nyuma anakwambia usitikise."

Mchora ramani aliletwa kutoka mjini. Akachora, akaambiwa ramani yake ina gharama, akakunja karatasi zake akaenda zake. Meneja wa kambi akamwita Fundi Koki, ambaye kazi yake ni kufunga mabomba na kuzibua yaliyoziba.

"Wewe si fundi?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi buni kimwagio. Kikae kule nyuma ya nyumba zenu, wageni wasisikie harufu."

"Na sisi, bosi?"

"Nyie mchana mko kazini."

"Nilitaka kumuuliza habari ya usiku," anasema Fundi Koki. "Nikameza mate."

Kwa ubunifu huo hakuongezewa hata sabuni. Mshahara wake wa mwezi mzima ni sawa na kile ambacho gari moja hulipa kulala hapo siku nne. Hata hivyo alijaribu. Alimwonyesha Meneja sehemu nyingine karibu na geti, nyuma ya banda la jenereta, ambako hakuna anayelala. Meneja akasema mtaro wa kufika kule ni mrefu mno. Alisema hivyo kana kwamba atauchimba yeye.

Fundi Koki aliishia darasa la tano, na karatasi haimwambii kitu. "Mimi lazima nikione kwa macho," anasema. Basi alisubiri mwenye gari refu kuliko yote aende kuogelea, akalipima. Mita nane. Akakata fito, akazifunga kamba pembeni zote nne, akapata gari zima la fito, halina bati wala injini. Akawaita wenzake wanne, kila mmoja akashika mahali palipo na tairi.

Sheria ilikuwa moja. Matairi ya mbele yanaruhusiwa kukata kona. Ya nyuma yanafuata tu, marufuku kupiga hatua ya pembeni.

"Kwa hiyo matairi ya nyuma hayaulizwi kitu," akasema Mpishi, aliyepewa tairi la nyuma.

"Hayaulizwi."

"Basi mmenipa kazi ninayoijua."

Wakaanza kuzunguka uani, Fundi Koki akitembea katikati ya fito na mikono juu, akishika usukani usiokuwepo.

"Tairi la nyuma, mbona umekwenda pembeni?"

"Nimekwepa jiwe."

"Tairi halikwepi jiwe."

"Basi nina pancha," akasema Mpishi. "Nileteeni kiti."

"Pancha ya wapi," akasema Dobi, ambaye alikuwa tairi la mbele. "Upepo umezidi." Akamwangalia tumboni, na kwa kucheka akaangusha ufito, ikabidi gari lianze upya kutoka barabarani.

Mara ya pili lilikata kona vizuri. Likapita kando ya chumba cha Dobi, na kati yake na ukuta ikabaki nafasi ya mtu kupita na ndoo yake. Hapo kicheko kikaisha.

"Limepita," akasema Mpishi.

"Naona," akasema Fundi Koki.

Maana kila mmoja alikuwa akiomba lisipite. Lisingepita, kimwagio kingehamia getini na watoto wao wangelala bila kuziba pua.

Dobi ni mke wa marehemu kaka yake Fundi Koki. Kaka huyo alikuwa fundi umeme wa kambi hiyohiyo, na ndiye aliyemtafutia mdogo wake kazi. Alipofariki, kambi ilileta viti vya kukalia wafiwa. Kesho yake asubuhi ikaja kuvichukua kwa sababu kulikuwa na wageni. Mjane akabaki na watoto watatu, na akabaki na chumba kwa kuwa alikubali kufua.

Siku ile ya gari la fito, jioni, alimkuta Fundi Koki anakunja kamba zake penye kuanikia mashuka.

"Shemeji, hizo fito ulinunua?"

"Zilikuwa stoo tu."

"Zimebaki?"

"Zipo."

"Basi ongeza."

Fundi Koki anasema alielewa palepale, akajifanya hakuelewa. "Nikiongeza utakuwa uongo, shemeji."

"Na harufu itakuwa ya kweli."

"Je, akipima?"

"Nani, yule? Yule hata suruali anapimiwa."

Akaongeza. Mita moja na nusu, mbele kidogo na nyuma kidogo, isionekane.

Meneja alikuja na simu sikioni. Matairi yakabeba gari, wote wamenyamaza, wamekaza nyuso kama watu walio kanisani au msikitini. Kwenye kona, pembe ya gari la fito ikagonga ukuta wa chumba cha mwisho, na lipu ikamwagika. Mpishi anakumbuka kwamba tairi la mbele lilisukuma zaidi ya ilivyohitajika.

"Limegonga, bosi," akasema Dobi.

"Hapa halipiti," akadakia Fundi Koki. "Labda tufikirie tena kule getini."

Meneja akaitoa simu sikioni. "Limegonga chumba gani?"

"Hiki cha mwisho, bosi."

"Kivunjwe."

Akairudisha simu sikioni, akaondoka zake. Hakuuliza analala nani. Angeuliza angejibiwa na mwenye chumba, aliyekuwa amesimama mbele yake na ufito mkononi.

"Nani angefikiria?" anauliza Fundi Koki, na mpaka leo anauliza kama mtu anayetaka jibu. "Mtu avunje nyumba ili choo kipite?"

Wao hufikiria hivyo. Mtaro una gharama, kwa sababu lazima uulipie. Chumba cha dobi hakina gharama, kwa sababu hulali humo. Ukishaielewa hesabu hiyo, huna haja ya kusomea umeneja.

Dobi alipewa wiki moja. Sasa yeye na watoto wake wanabanana na mke wa Fundi Koki na watoto wake wawili, watu saba katika chumba kimoja. "Usiku, mmoja akitaka kugeuka anatangaza, tunageuka wote," anasema Dobi. Fundi Koki mwenyewe, kwa kuwa si vizuri alale chumba kimoja na shemeji yake, amehamishia godoro kwenye banda la pampu.

Wiki ya kwanza baada ya kubomoa, Dobi hakumwita shemeji. Alimwita Fundi, kama wanavyomwita wageni. "Hilo liliniuma kuliko kelele za pampu," anasema. "Siku aliporudi kuniita shemeji, alikuwa anataka kuazima beseni. Nikampa mawili."

Kwa nini hawakusema ukweli kabla ya nyundo kuanza? Fundi Koki anacheka bila furaha. Kazi ikienda, na chumba kinakwenda, kwa sababu hapo mtu hupewa vyote pamoja na kunyang'anywa vyote pamoja. "Ningesema, tungelala nje watu wanane badala ya wanne. Nikachagua wanne, halafu nikawaingiza kwangu."

Na haogopi kuyasema gazetini?

"Andika. Bosi gazeti hulianzia nyuma, kwenye mpira, na huishia hapohapo."

Kimwagio chenyewe amekijenga kwa hasira na kwa makini. Zege linalalia katikati kutoka pande zote, na pembeni ameliinulia kingo ili tone lisitoroke kwenda milangoni kwa watu. Maji ya sahani na ya kuoga yanaingia kwenye wavu. Makasha ya choo yana tundu lake, lenye mfuniko mzito na mpira wake wa kusuuzia. Bomba la maji ya kunywa ameliweka upande wa pili, amelibana ukutani na kulishusha, mpaka kasha la choo haliwezi kuingia chini yake hata ukililaza.

"Mtu akiwa na haraka anasuuza choo penye maji ya kunywa," anaeleza. "Si ubaya, ni uvivu. Basi mimi nimemwekea uvivu wake mahali pagumu."

Bomba la kutolea harufu alilipandisha juu kupita paa, lipeleke harufu na upepo. Meneja akaliona akiwa bwawani, akasema linaharibu mandhari, likatwe. Likakatwa. Limeishia usawa wa madirisha ya wafanyakazi.

Saa tano linaingia gari-nyumba refu, jeupe, na mgeni mwenye kaptula anachungulia dirishani akionyesha kidole chini, kwamba tangi limejaa. Zege limekauka, ila kimwagio hakijafunguliwa rasmi. Fundi Koki anatupa jicho upande wa ofisini. Kisha anampungia mkono aje.

Mpishi anatoka jikoni na mwiko. Dobi anaweka chini tenga la mashuka. Fundi Koki anatembea kinyumenyume mbele ya gari, mikono juu, safari hii usukani upo na mtu wake. Gari linakata kona, linapita, linasimama sawasawa juu ya wavu. Mgeni anafungua koki, maji ya kijivu yanakimbilia katikati na kupotea. Anasuuza, anafunga, anainua dole gumba, anaondoka.

Kwenye mchanga laini zimebaki alama za matairi. Zimezunguka uani duara zuri. Kwenye sakafu nyekundu hakuna hata moja. Iliyo karibu kabisa iko mbali nayo kiasi cha mtu kupita na ndoo yake.

Wote watatu walijua, lakini kujua na kuona havifanani.

"Halikuhitaji hata kona ya chumba," anasema Mpishi.

"Lilihitaji kuanzia lini?" anasema Dobi. "Si ulikuwepo? Si ulikuwa tairi?"

Fundi Koki anachukua ndoo yake, anaiweka chini tena. Matofali ya chumba ameyahifadhi, anasema, yamepangwa nyuma ya banda la pampu na kufunikwa turubai. Mabati pia. Mpango wake ni kusubiri mwezi mmoja baada ya kimwagio kufunguliwa. Magari yapite, alama zijichore, sakafu iendelee kukaa bure. Halafu aende ofisini aombe kuinua kuta upya, kwa nguvu zake mwenyewe, siku zake za mapumziko.

"Akiniuliza kulikoni, nitamwambia magari ya mwaka huu wameyafupisha."

"Atakubali?" anauliza Mpishi.

"Atakubali. Hajawahi kushuka kuangalia gari hata moja."

"Na akisema pale yawekwe mapipa ya taka?"

Fundi Koki anaitazama sakafu. Inaonekana hilo hakuwa amelipigia hesabu, na ni jambo ambalo bosi wa namna ile angelisema bila kutoa simu sikioni.

"Basi sisubiri mwezi," anasema. "Naanza Jumapili. Akija kuuliza, akute kuta zimefika kifuani."

"Atakufukuza, shemeji," anasema Dobi.

"Huenda."

Dobi anaingia jikoni kwa Mpishi, anatoka na ufagio. Anapanda juu ya sakafu yake, anaanza kufagia vipande vya lipu na majani yaliyopeperushiwa pale, kuanzia ukutani kama mtu anayefagia ndani. Anamaliza upande mmoja, anainuka, anakitazama kimwagio, halafu anageuka anaangalia kule getini.

"Ukijenga," anasema, akionyesha kwa mpini wa ufagio, "mlango safari hii uweke upande ule."